Maji ya Shaba Niliyomnywesha Binti Yangu

Nawasalimu kwa jina la Bwana aliyeniachia binti yangu!

Ndugu zangu, marehemu mama yangu kule Mwamgongo alivaa bangili ya shaba nyekundu kutoka ng'ambo, Kongo. Mvua zikianza na magoti yakimsumbua, aliisugua kwa ndimu, akasema sasa anapata nafuu. Alikuwa na mbuzi mkorofi pia, lakini huyo tumwache. Nilitaka kusema nimekua nikiamini shaba ni dawa ya viungo.

Basi binti yangu Anastazia, mwanika dagaa hodari pale Kibirizi, akaanza kutetemeka mikono. Wenzake wakamtania, "Dada, leo umeamkia gongo?" Akacheka nao. Kisha magoti na viwiko vikamuuma, misuli ikakakamaa, hata kitenge akawa anafungwa na mama yake. Mganga mmoja akaniambia nilaze maji kwenye birika la shaba, anywe kila asubuhi. Nikamnywesha miezi minne, kwa mkono wangu huu! Akazidi kukakamaa.

Mchungaji alikuja kumwombea. Alipomaliza akaniambia, "Mzee, tumeomba. Sasa mpeleke hospitali."

Daktari alimmulika macho, akaona duara la kahawia kuzunguka mboni. Wakapima damu na mkojo. Akatueleza kwamba tangu azaliwe, mwili wake haujui kutoa shaba iliyozidi. Inajaa kwenye ini, inapanda ubongoni, ndiyo inayotikisa mikono, kukaza misuli na kuumiza viungo. Akauliza anakunywa nini.

"Maji ya shaba, daktari. Mimi ndiye ninayempa."

Anastazia akanishika goti kwa mkono ule unaotetemeka. "Baba, hukujua."

Nililia, ndugu zangu.

Sasa anameza dawa za kuitoa hiyo shaba, na atazimeza maisha yake yote. Haikuwa kazi ya wiki moja. Lakini mwaka haujaisha, akafunga kitenge chake mwenyewe! Sifa kwa Bwana! Wewe mwenye mgonjwa ndani, mtumaini Mungu, na umtoe leo akapimwe.

Majuzi yule mganga alikuja na birika jipya. Akamkuta Anastazia uani, ameinama, anaanika dagaa. Binti akamwamkia vizuri, kisha akamnyooshea vidole vyake kumi, vimetulia tuli. "Ni tangu niache maji yako ya shaba."

Mganga alivitazama. Akachukua birika lake, akashika njia ya Kidahwe. Hajarudi hadi leo.