Siku Tatu za Clémentine Nankafu huko Jaipur

Ndugu wafiwa, majirani wa Joubert Park, mafundi wenzake wa mjini, wachungaji mliowahi viti vya mbele, jina langu ni André Bisimwa, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenituma nisimame katika ukumbi huu wa Turffontein, hapa Johannesburg, nisome maisha yake kabla hatujampeleka makaburini. Karatasi mliyopewa mlangoni ilipitiwa juzi na kamati ya kilio, wakakata kwa kalamu nyekundu kila mahali palipotajwa India, wakasema mambo hayo yataleta fujo mbele ya mwili, na kilichobaki ni historia laini inayoweza kusomwa juu ya maiti yeyote. Kwa hiyo nitasoma daftari langu, na anayetaka kufuata kwenye karatasi afuate mpaka pale tutakapoachana njia.

Marehemu Clémentine Nankafu Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Bisimwa, fundi viatu, na mama yetu Félicité, aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni mpaka mikono yake ikawa na harufu isiyotoka. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaingia sekondari kwa masista, idara ya ushonaji, akamaliza na diploma mwezi Julai 1990. Masista walimfundisha kuigeuza nguo na kuitazama upande wa ndani kwanza, na tangu hapo hakuamini uso wa nguo wala uso wa mtu, na alipoona upindo uliofungwa ovyo alikunja pua kama aliyekanyaga kinyesi. Hata siku ya harusi yangu alinivua koti mlangoni mwa kanisa, akakaa kwenye ngazi na sindano yake, akaushona upya upindo wa mkono wa kushoto, bibi harusi na wageni wote wakisubiri juani.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Octave Mugaruka, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Pitchou, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1995, na Shekinah, aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 2004, ambaye anatusikia vizuri tukisema Kiswahili ila anatujibu Kiingereza. Vita vilipotufukuza walipitia Tanzania, Malawi na Msumbiji, wakafika hapa tarehe 3 Februari 2001, na mtu wa kwanza kuwafungulia mlango alikuwa Murielle, msusi kutoka Uvira, aliyekuwa na nusu ya chumba Joubert Park, nusu nyingine ikiwa ya watu wengine nyuma ya pazia. Murielle alimpa dada kona ya kuweka cherehani, mmoja akisuka vichwa na mwingine akishona, na kwa karibu miaka ishirini na mitatu wanawake hao wawili walikula sahani moja. Octave alifariki kwa ajali tarehe 2 Oktoba 2013, na Murielle ndiye aliyelala na dada sakafuni siku zote za matanga.

Kuanzia mwaka 2006 dada alikuwa na meza yake katika ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani katikati ya mji, juu ya wauza jumla wa blanketi, na kila Pasaka alishona sare za akina mama wa kanisa letu, Kanisa la Chemchemi ya Ushindi, la Mchungaji Ezéchiel, ambaye yupo hapa mbele. Akina mama, ni hizo hizo mlizovaa leo. Geuzeni upindo, mtaona mkono wake, halafu mniambie mmepata wapi moyo wa kuzivaa.

Hapa tunaachana na karatasi yenu, ambayo inaruka kutoka kifo cha Octave hadi maneno “aliugua kwa muda”. Mwezi Novemba 2023 mteja wake wa Lenasia, Bi. Nirmala, alikuwa anamwoza binti yake kule Jaipur, mji wa wafalme wa zamani nchini India, akamwomba dada asafiri nao arekebishe nguo za maharusi zisizokaa vizuri mwilini, wakaondoka tarehe 27. Harusi ilikwisha tarehe 2 Desemba, na Bi. Nirmala, kwa shukrani, akamwambia abaki siku tatu atembee, akamkodia gari na dereva wake peke yake, mtu wa makamo aliyeitwa Banwari. Dada yangu hakuwahi kufunguliwa mlango wa gari na mtu yeyote. Banwari alimfungulia mlango wa nyuma, dada akazunguka akaketi mbele, kwa sababu kwetu kumwacha mtu mzima mbele peke yake ni kumfanya boi, wakabishana pale nje ya hoteli mpaka Banwari akashindwa.

Alinitumia sauti kumi na tisa kwenye simu, ninazo zote. Alisema watu huita mji ule wa waridi, lakini kuta zake zina rangi ya udongo wa Kadutu mvua ikishanyesha, na alisema kuna jumba refu lenye vidirisha mamia, ambavyo zamani wanawake wa mfalme walichungulia barabara bila wao kuonekana. Watalii walipiga picha kwa mbele wakaondoka, yeye akamwomba Banwari amzungushe nyuma, akakuta jumba lile ni jembamba kabisa, karibu lote ni uso. Alicheka sana. “André,” alisema, “banashona mbele tu, nyuma hamuna kitu.”

Siku hiyo hiyo Banwari alimpeleka kwenye duka kubwa la shali, kama wafanyavyo madereva wa kule, kwa kuwa mwenye duka huwapa chochote kwa kila mgeni wanayemleta. Dada aligeuza shali iliyosifiwa kuwa ya mkono, akatazama ndani, akasema ni ya mashine, akaiweka chini na kutoka. Banwari aliendesha kwa hasira kupita robot tatu, zile taa za barabarani, ila kesho yake alikuja mapema, akampeleka Sanganer, nje kidogo ya mji, kwa ndugu zake wanaopiga chapa vitambaa kwa vibao vya mbao, mikono ikiwa buluu mpaka kwenye viwiko. Alikaa huko kutwa nzima, akasahau kula, akanunua vitambaa viwili vya buluu vilivyofanana kila kitu.

Siku ya tatu, tarehe 5 Desemba, walipanda asubuhi kwenye ngome ya Amer, juu ya mlima, na wakati wa kuelekea uwanja wa ndege Banwari akampitisha kwao anywe chai. Mama yake Banwari, kikongwe, alimpokea mlangoni na sinia ndogo, akachovya kidole kwenye unga mwekundu, akamgusa dada kwenye paji la uso, kama sisi tunavyomletea mgeni maji ya kunawa. Hakukuwa na hekalu, hakukuwa na sanamu, palikuwa na bibi mmoja na sinia. Banwari akapiga picha, na katika picha ile dada anacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Octave afariki.

Picha hiyo aliituma kwa watu wawili tu, mimi na Murielle, na sauti aliyoiambatanisha ninaikumbuka neno kwa neno. “Iyi picha ni yenu bawili tu, musitumie batu ba kanisa, habatasikia maana.”

Jumapili ya tarehe 10 Desemba 2023 picha ile ilitokea kwenye skrini ya kanisa, kubwa kama ukuta, paji la uso la dada yangu limekuzwa mpaka ule unga ukaonekana kidonda, na Mchungaji akatangaza kwamba ile ni alama ya agano na mashetani, akaamuru dada apige magoti mbele ya watu aoshwe kwa mafuta na maji ya chumvi. Karai lililoletwa lilikuwa lile la kupigia deki choo. Nililiona, nililijua, mimi ndiye niliyekuwa zamu ya usafi wiki ile. Dada alikataa, akavuliwa kitambaa cha sare kichwani mwake, kitambaa alichokishona mwenyewe, na mtu mmoja tu alisimama katika kanisa zima, naye ni Murielle, akasema, “Baba, ile rangi inatoka na sabuni.” Kwa maneno hayo akapokonywa uongozi wa akina mama.

Lakini jioni ile dada alipiga hesabu yake. Picha walikuwa nayo watu wawili. Aliniita nyumbani kwake, akaniuliza mbele ya Shekinah, nikaapa kwa kaburi la mama yetu kwamba si mimi. Basi akabaki Murielle, na kule kusimama kanisani dada akakuona ni uso wa mbele wa kuficha uchafu wa ndani, akamfungia mlango.

Mwezi Agosti 2024 madaktari walimkuta na saratani ya titi, akaanza matibabu, na Jumapili moja Mchungaji Ezéchiel akasema madhabahuni kwamba alama ya India imeanza kula. Watu walisema amina. Wengine waliosema amina wako hapa, na tangu asubuhi wanauliza chakula kitatoka saa ngapi. Murielle alikuja hospitalini mara tatu na supu kwenye chupa, na mara zote tatu alinikuta mlangoni, kwa kuwa mimi kazi yangu ni ulinzi na kuzuia watu ninajua, nikamwambia, “Dada hataki kukuona, usimusumbue.” Mara ya tatu alimwachia supu mgonjwa mwingine, akaenda bila kugeuka.

Ndugu zangu, picha ile niliituma mimi. Niliituma tarehe 5 Desemba 2023, saa nane mchana, nikiwa getini kazini, nikaituma kwa Mchungaji Ezéchiel mwenyewe, kwa sababu alikuwa ametuchosha na hadithi za safari yake ya Dubai, nikataka ajue kwamba na kwetu yuko mtu anayetembezwa kwenye mji wa wafalme na dereva wake peke yake. Alinijibu kwa kidole gumba. Baba Mchungaji, ulijua ni mimi, nami nilijua kwamba unajua, na kwa mwaka mmoja na nusu tulisalimiana kila Jumapili huku tukimwacha mwanamke mwema abebe uchafu wetu. Ninakuonea kinyaa, na sikufichi, lakini wewe ninaweza kukukwepa barabarani. Mimi nitanawa mbele ya kioo kile kile kila asubuhi.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2025, akiwa hawezi tena kukaa zaidi ya nusu saa, dada aliomba cherehani isogezwe karibu na kitanda. Kitambaa kimoja cha buluu alikuwa ameshajishonea gauni, akakata cha pili bila kumpima mtu, kwa vipimo vilivyokuwa kichwani mwake, akakishona siku kumi na mbili, kidogo kidogo, akitapika katikati. Nilimwuliza ni la nani. Alisema, “Ni la mutu fulani. Upindo sijafunga, upindo unapimwa mwenyewe akisimama.” Alinitazama muda mrefu, akingoja niseme nitamwita. Nikasema ninakwenda kutafuta umeme wa simu, nikatoka. Hakulitaja tena.

Alifariki tarehe 21 Mei 2025, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili, ameacha watoto wawili, ndugu watano, na rafiki mmoja aliyezuiwa mlangoni. Ndani ya jeneza hili amevaa lile gauni lake la buluu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwuliza anatoka wapi, majirani wa Joubert Park mliopanda ngazi na ndoo za maji lifti ilipokufa, mafundi wa ghorofa ya tatu mliomaliza kazi za wateja wake bila kutangaza, Bi. Nirmala aliyefika kila wiki, na Banwari wa Jaipur, aliyenitumia sauti jana, sikuelewa maneno, nilielewa kilio, na nyuma yake nilisikia mama yake naye analia. Kanisa la Chemchemi ya Ushindi ninalisamehe shukrani.

Murielle, uko mwishoni kabisa, karibu na mlango, mahali nilipokuzoesha. Gauni lako liko kwenye mfuko huu miguuni pangu, limekamilika isipokuwa upindo. Sikuombi msamaha kwenye kipaza sauti, hiyo ni kazi nitakayokuja kuifanya kwako kwa magoti. Ninaomba uje hapa mbele ulivae juu ya nguo zako, usimame kando ya dada, na mafundi wenzake, ninaona mmekuja na sindano zenu kama kawaida, mpime, mfunge. Zamani wageni walisubiri koti langu juani. Leo jeneza litasubiri.

Dada Clémentine, mwenye gauni anakuja, amesimama. Sasa pumzika kwa amani.