Gari la Kumi na Moja

Mchungaji, wazee wetu, mama zangu na ndugu wote mliofika hapa nyumbani Utange, shikamooni, na poleni kwa msiba, mimi ni Vivian, kitindamimba wa marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake, nami naomba mnivumilie hadi mwisho kwa sababu mwishoni kuna ombi.

Baba yetu, Garama Munga, alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 huko Kaloleni, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na mwaka 1985 akateremka Changamwe kujifunza umeme wa magari, kazi aliyoishika hadi alipougua, akiwafungia taa, honi na redio madereva wa malori ya bandarini Kipevu.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa mama yetu, Kanze, wakajaliwa watoto watatu, Munga mwaka 1994, Florence mwaka 1997, na mimi mwaka 2000, na sasa wapo wajukuu wanne.

Mwaka 2022 madereva walimlalamikia kwamba waya za kuchajia simu zinawakatikia kila mara kwa mitikisiko ya barabara, basi baba na mwenzake wa gereji, Ismail, wakaanza kufunga kwenye dashibodi visahani vya kuchajia bila waya, ambavyo dereva hulaza simu juu yake nayo ikaingia chaji. Magari kumi na moja yalifungwa hivyo, hadi tarehe 19 Februari 2024, dereva mmoja aliporudi na sarafu iliyoungua, iliyokuwa imeteleza chini ya simu yake, akamwuliza baba, "Fundi, umenifungia chaji au jiko?" Gereji nzima ilicheka, baba naye akacheka, ila chakula alichopelekewa siku hiyo kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda.

Tangu hapo alivibadilisha, akaweka fyuzi, akaweka kifaa cha kukata umeme joto likizidi, akakiinamisha kisahani ili sarafu au funguo zisikae juu yake, na kila alichokitengeneza upya akakitia alama ya rangi nyekundu, kisha akaanza kuyaita magari yote kumi na moja, mengine akayafuata mwenyewe hadi Likoni, na kumi yakapatikana.

La kumi na moja ni gari jeupe lenye mstari wa manjano, hubeba watoto wa chekechea, na baba alilifunga kando ya barabara hapa Utange, Jumapili moja akitoka kanisani, dereva wake, mama mmoja aliyemwita kaka, akiwa na haraka, kwa hiyo hakuandika jina wala namba ya gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya siku ile.

Mnamo Agosti 2024 figo zake zilianza kusumbua, akatibiwa mjini Mombasa, na kila tulipokwenda kumtazama hakuuliza habari za nyumbani kwanza, aliuliza kama gari la watoto limepatikana, hata Jumanne tarehe 11 Machi 2025 asubuhi, tukamjibu bado, na saa tano akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi matangani, mafundi wenzake wa Changamwe, na madereva mliokuja na malori yenu.

Sasa ombi letu ni hili, kama unalijua gari hilo, au mwanao hulipanda, tafadhali dereva asiweke simu pale, na kama limeegeshwa huko nje wakati huu, usingoje tumalize kuzika, Ismail amekaa karibu na lango, mkoba wa vifaa uko miguuni pake, kazi yenyewe haifiki nusu saa, na hakuna atakayekulaumu.

Baba, hilo moja lililobaki tuachie sisi, nawe pumzika kwa amani.