Adib bin Mirsal, Farasi Aliyeandikwa Jike

Ndugu waombolezaji, majirani wa Al Qusais na wenzetu wa zizini, kwa niaba ya familia, yaani sisi tuliomlisha, naomba utulivu niwasomee safari ya mpendwa wetu Adib, na wanaoona ajabu farasi kusomewa historia wavumilie, kwani wapo binadamu waliosomewa ndefu zaidi kwa mbio fupi zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 2009 huko Ireland, mtoto wa tatu wa mama Lulua na baba Mirsal, mshindi wa mbio tisa, na ukoo wake umeandikwa hadi vizazi saba, ilhali Onesmus, saisi aliyemtunza maisha yake yote ya Dubai, akiulizwa baba wa babu yake hutazama dari. Adib maana yake mwenye adabu, jina alilopewa kabla hajaota meno.

Mwaka 2011 alisomea tandiko na lango la kuanzia mbio, akahitimu, na tarehe 4 Oktoba akawasili Dubai kwa ndege, pasipoti yake ikitunzwa kama yai, wiki ileile aliyofika Onesmus kutoka Kakamega, ambaye pasipoti yake ilibaki kwa kafeel, mdhamini wake wa kazi.

Kazi aliianza tarehe 2 Februari 2012 uwanjani Meydan, akawa wa mwisho, na baada ya mbio nane bila ushindi, Aprili 2013, sir, mwenye zizi, akaamuru madume wasioshinda wauzwe, majike wabaki wazae. Chakula kikamshinda Onesmus wiki nzima. Ofisi ikataka kila saisi ajaze fomu, na penye aina ya mnyama Onesmus, kwa heshima ya Kiarabu, akaandika farasi bila ile i ya mwisho. Karani wa ofisi akanakili kama alivyosoma, na orodha ya kuuzwa ilipobandikwa, Adib hakuwemo.

"We Onesmus, umemgeuza Adib mke wa watu!" akasema msimamizi wetu Aboud, wa Lamu, akicheka hadi akashika ukuta. "Faras kwao ni jike. Dume ni hisan."

"Aki mzee, mimi niliandika farasi tu."

"Basi hisani umefanyiwa. Khalas, funga mdomo."

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, kwa kuwa alihasiwa Ireland kabla hajaulizwa maoni, ila ofisi ilimposea dume wa ukoo bora, ikagonga mhuri, na tarehe 19 Desemba 2013 madam, mke wa sir, akaja kutoka Mirdif kumkagua bibi harusi. Akainama, akatazama, akainuka taratibu. Onesmus angeweza kumsingizia karani, lakini akasema, "Madam, kosa ni langu. Nifukuze mimi, huyu asiuzwe, atashinda." Madam akauliza lini. "Umbali ukiongezwa, inshallah," akajibu, kwani alikwisha kuona kwamba Adib huamka pale wenzake wanapochoka. Madam akacheka, akatoa mbio moja tu: akishindwa, farasi sokoni, saisi kwao.

Tarehe 6 Machi 2014, mita 2,400, Adib alikuwa wa kumi kwenye kona ya mwisho, Onesmus akiita, "Yalla, ndugu yangu, yalla!" hadi sauti ikamkauka, naye akawapita mmoja mmoja, akashinda kwa urefu wa shingo, kisha akamng'ata mpiga picha. Alishinda mbio nne zaidi, akastaafu mwaka 2016.

Hakuacha mtoto, ingawa kumbukumbu za ofisi, ambazo hakuna aliyethubutu kuzisahihisha, zinamwonyesha na mimba ya karibu miaka mitano.

Tarehe 8 Novemba 2018 alishikwa na msokoto wa tumbo, Daktari Khairunisa akapambana nao kutwa nzima, na asubuhi ya tarehe 9 akatutoka, kichwa kikiwa mapajani mwa Onesmus, katika banda lake mwenyewe.

Tunamshukuru daktari, majirani kwa chai na viti, wenzetu waliomtembeza hadi miguu ikawavimba, madam aliyejua kucheka, na karani, ambaye bila kalamu yake historia hii ingeishia mwaka 2013.

Pumzika, Adib, umetulia kabisa. Hakuna tena wa kukuuza.