Lemburis na Risasi za Migombani

Ninyi mlikuwa wapi? Mlipohamishwa mliaga kwa machozi hapa jikoni kwangu, mkaapa mtarudi kusalimia, na mpaka leo ndiyo nawaona, kwa kuwa mmesikia kuna mbuzi. Hamna aibu. Haya, kaeni, mmekonda. Lemburis ametumika katika kituo hiki cha askari wa wanyamapori miaka thelathini na minne, na tarehe 30 Juni anastaafu, anakabidhi funguo za ghala la silaha.

Alikuja kutoka magharibi ya mlima, kijana mrefu asiye na nyama, akapangwa doria. Mwaka wake wa saba alikuta risasi zimewekwa jirani na pipa la mafuta ya taa. Akazihamisha bila kumwuliza mtu, akagombezwa, kisha akapewa ghala lenyewe. Tangu hapo kila risasi anaitazama kama mimi ninavyochambua mchele, tena juu ya meza yangu ya chapati. Nimemfukuza na mwiko mara nyingi. Kwenye kwaya anaimba vibaya, na hilo nalo liandikwe.

Lakini mkitaka kujua kwa nini tunajivunia mtu huyu, sikilizeni habari ya Oscar.

Mwaka mmoja zililetwa risasi mpya, za ncha laini. Uwandani ni nzuri: ikimwingia mnyama inapanuka, inabaki humo humo, naye anaanguka karibu. Ila nyati wetu hawasimami uwandani. Wanashuka kwenye migomba na kahawa za watu. Oscar, askari wa miezi minne tu, alimpiga mmoja shambani kwa bibi Tabea, juu ya Kikatiti. Nyati akajeruhiwa, hakufa, akang'ang'ania humo migombani. Mkuu wa kituo wa wakati ule akasema kijana hajui kulenga. Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa, ikabaki sahihi tu. Oscar akakaa jikoni kwangu, uji ukapoa mbele yake.

Lemburis akasema mkono wa kijana usihukumiwe kabla risasi haijaulizwa. Mkuu akamjibu kwamba risasi zilishajaribiwa, na mbao zilitoboka vizuri sana.

"Mkuu, wewe umeona wapi nyati anajificha nyuma ya mbao?"

Lemburis akaja kwangu kuomba migomba. Nikampa iliyokwisha kuzaa, niliyoikata nilishe ng'ombe. Akakataa. "Mama Ndeshi, nataka iliyosimama, yenye maji yake, na matawi ya kahawa mbele." Nilimwambia maneno ambayo mchungaji asiyasikie. Kisha nikampa mitatu.

Nyuma ya migomba akasimamisha kadibodi yenye alama, nyuma yake gunia la udongo mbichi, na nyuma ya vyote ukingo wa mfereji. Risasi laini ilipogusa tawi na mgomba ikapanuka kabla ya wakati. Kadibodi ikachanika ovyo mbali na alama, na guniani tukaokota vipande vya risasi. Akapiga ile ya zamani, nzito, ngumu, yenye ncha butu. Tundu moja safi, kwenye alama. Askari wakashangilia. Yeye alikwenda kwenye ukingo, akachomeka fimbo kwenye tundu, ikazama karibu yote.

"Hii nayo ina ubaya wake," akasema. "Ikimpita nyati, nyuma yuko nani?"

Mkuu akalegea nusu tu. Oscar arudi kesho na risasi ngumu. Asipommaliza yule nyati, barua inatiwa sahihi.

Asubuhi watu wakajaa barabarani. Nyati alikuwa kati ya migomba, na nyuma yake nyumba ya Tabea, ya udongo, mwenyewe yumo na mguu wake mbovu, hana pa kupita. Oscar akainua bunduki. Lemburis akamgusa bega, naye akaishusha. Jua likapanda. Vijana wa barabarani wakaanza: "Oscar, vipi, unaogopa? Tukuitie mama yako?"

Kazi yote ya Oscar iko kwenye kidole. Lemburis ndiye aliyewajibu, bila kugeuza shingo: "Anaogopa, ndiyo. Na mimi naogopa. Tabea yumo ndani."

Karibu na adhuhuri nyati akasogea kuelekea mfereji, ukingo wa udongo ukawa nyuma yake. "Sasa," akasema Lemburis. Risasi moja ikapita kwenye matawi, nyati akapiga magoti, akalala. Tabea akajikokota mpaka mlangoni: "Mmemaliza kelele? Nani ananichotea maji?"

Barua ilichanwa mbele yetu. Tangu siku hiyo utaratibu wa ghala uko ukutani: uwandani laini, migombani ngumu, na ngumu haipigwi mpaka ujue kilicho nyuma. Lemburis hakutia jina lake pale. Mimi nalitia hapa. Na funguo anazipokea Oscar, ambaye sasa ana mvi mbili, nimeziona.

Lemburis mwanangu, asante. Watu wengi wa mlima huu wamelala salama na hawajui kuwa ni wewe. Nenda kwenu ng'ombe wakakuzoee, na mkeo Nkasiogi akuvumilie ukishinda nyumbani. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha.

Nanyi watoro, mkija tena msianzie hapa. Pitieni kwanza kwa Tabea, mumpe shikamoo. Pigeni hodi kwa nguvu, masikio yake yamechoka.