Felicitas Kokushubila, Mama Aliyeambiwa Anyamaze

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani wa Yombo Vituka, wakubwa zetu shikamooni. Anayewasomea ni Erasmus, mdogo wake marehemu, na familia inaomba mmsikilize hadi mwisho, hata pale patakapouma.

Marehemu Felicitas Kokushubila alizaliwa tarehe 3 Mei 1963, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Bukoba, na mwaka 1984 akahitimu ualimu Mwanza. Mwaka uliofuata aliletwa Dar es Salaam, akafundisha darasa la kwanza katika shule za Temeke kwa miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu Mei 2023. Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Gaudens, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Flaviana na Cyprian.

Tarehe 9 Agosti 2016 Cyprian, akiwa na miaka ishirini na minne, alivutwa na mkanda wa mashine katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe, akafa palepale. Kifuniko cha mkanda ule kilikuwa kimetolewa ili kazi iende haraka. Siku ya tatu ya msiba, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa aliingia na karatasi ya kiwanda, iliyosema kwamba kijana alikufa kwa uzembe wake, akamwinamia mama aliyeketi mkekani, akamwambia, "Weka sahihi, mama, yaishe. Mkristo ananyamaza." Felicitas aliichana karatasi ile mbele ya waombolezaji.

Tangu hapo hasira haikumtoka, sala ya Baba Yetu ikawa inaishia kwenye "utusamehe makosa yetu", kwani hakutaka kumdanganya Mungu kwamba na yeye amesamehe. Basi akaacha maneno. Kila siku saa kumi, akitoka shuleni, aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma nusu saa, kimya, mikono mapajani. Alimwambia Flaviana, "Wiki za mwanzo tulikaa mimi na Mungu kama watu waliogombana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze." Akaendelea kukaa, mwezi baada ya mwezi, hadi kelele za ndani zikatulia, akaweza kuisikia hasira yake inataka nini hasa. Haikutaka kisasi, ilitaka ukweli. Nyie wanajumuiya mkasema kachanganyikiwa, mkasema kaingia dini za kigeni, mkamvua ukatibu wa jumuiya, na waliovumisha maneno hayo leo wamejifunga kanga za msiba wake.

Tarehe 14 Machi 2018 aliitwa kwenye kikao cha usuluhishi kati yake na kiwanda. Meneja wa kiwanda alifoka karibu saa nzima kwamba Cyprian alikuwa mzembe. Felicitas alimwacha amalize, kisha akauliza, "Kifuniko alikitoa nani?" Akawatazama mmoja mmoja. Meneja akakohoa, akapekua makaratasi, akakohoa tena, naye mama hakuongeza neno. Ndipo Mfaume, msimamizi wa zamu, akasema huku akilia, "Mie nilikitoa, mama. Niliamriwa, na aliyeniamuru huyo hapo." Kiwanda kikakiri kosa kwa maandishi, vifuniko vikarudishwa kwenye mashine zote, Mfaume akafukuzwa siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata Felicitas alisali Baba Yetu hadi mwisho, akatuambia, "Hiyo ni kwa Mfaume. Wengine bado ninakaa nao."

Juni 2024 alibainika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akapungua siku hadi siku, na Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akafariki dunia mikononi mwa Flaviana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, walimu wenzake, jirani yetu Nusaiba aliyemletea uji miezi minane bila kukosa, na Mfaume, aliyeshika jembe makaburini tangu alfajiri. Mwenyekiti aliyeleta karatasi naye yupo hapa. Hatukumtaja jina kwa sababu marehemu alitukataza, si kwa sababu tumesahau.

Dada Felicitas, amani uliyoitafuta benchi la nyuma sasa ni yako, pumzika ndani yake. Sie bado tuna hasira, na hatutanyamaza kwa kuambiwa.