Fundi Saa Hajarudi Funguni

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, karibu na ufukwe. Kila mwaka, kolekole wanapofuata dagaa hadi maji ya magotini, Fundi Saa hufunga duka wiki tatu. Vile vidole vyake vya kushika skrubu ndogo hufunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana, na majini huwezi kuyatofautisha na dagaa mzima. Chambo kingine hataki. Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa, yako mbali. Akapita na fimbo yake ya kuvulia, akasema anakwenda fungu la mchanga, saa tatu atakuwa amerudi. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, maji yamejaa, na sisi tuko kwenye kahawa.

— Kapata samaki huyo, alisema Kinyozi, wembe mkononi, mteja kanyolewa upande mmoja. Akishanasa kolekole, hata jina lake halikumbuki.

— Kolekole gani wa saa nzima na nusu? aliuliza Spana, fundi wa injini za boti. Huyo kanasa papa. Kavutwa!

— Papa ale manyoya ya jogoo?

— Njaa haichagui, bwana.

Mzee Redio, ambaye hakuna habari inayompita, akakohoa.

— Hamjui kitu. Juzi alikuja mgeni mwenye koti la mifuko kumi na mbili, anavitaka vile vyambo vya manyoya. Fundi katoroka naye. Saa hizi yuko nchi za watu, anafundisha.

— Mbona viatu vyake viko pale ukutani? nikauliza.

— Huko atanunuliwa vipya!

Tukacheka, kicheko kikakatika haraka. Spana akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ndipo mke wa Fundi Saa akatokea, simu ya mumewe mkononi.

— Shemeji zangu, simu kaiacha kwenye chaji. Nani ameenda kumtazama?

Kinyozi akamtazama Spana. Spana akanitazama mimi. Mzee Redio akatazama kikombe.

— Nimeuliza, nani ameenda?

Hakusubiri tena. Alivua kanga ya mabegani, akakimbilia majini. Tukamfuata. Spana alikuwa na boti ya mteja, injini haijapona sawasawa. Akavuta kamba mara moja, kimya. Ya pili, kimya. Shemeji yetu, mke wa Fundi, akashika kasia. Ya tano ikanguruma.

Fungu lilikuwa limezama lote. Limebaki bomba la chuma la kuonyesha njia ya boti, na Fundi Saa amelikumbatia, maji kifuani, fimbo kaifunga mkandani. Tukamvuta ndani, midomo imepauka, meno yanagongana. Mkewe alimzaba kofi la bega, kisha akamkumbatia, akalia kwa sauti.

Tulipokaribia nchi kavu, Fundi Saa akainua uso.

— Nilikuwa nawaona, alisema. Nilipunga mkono mpaka ukafa ganzi. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Nawaona mnarusha mikono, mnacheka. Mlikuwa mnaongea nini?

Spana akainamia injini, ingawa alikuwa ameshaizima.