Ix Sakil Canché, Binti wa Tahkab

Ix Sakil Canché alizaliwa siku ya Tatu Kan, mwezi wa Yaxkin, mjini Tahkab, akiwa kitinda mimba wa Napot Canché, aliyekuwa jumbe wa mji huo. Mtumishi wa mtawala aliyefika msibani jana aliishauri familia iseme marehemu alizaliwa hapa Xulchen, kwa kuwa Tahkab sasa haitajwi. Alizaliwa Tahkab.

Elimu yake yote aliipata kwa bibi mzaa baba. Kwake alijifunza kufuma, kufuga nyuki, na kusimulia jinsi ndugu wawili walivyopanda kutoka kisima cha pangoni wameshikana mikono. Mmoja akaanzisha Tahkab, wa pili Xulchen, wakarundika mawe kandokando ya kisima yawe mpaka, maji yawe ya wote. Kila mwaka kabla ya mvua, marehemu ndiye aliyeyanywesha mawe hayo uji wa mahindi.

Aliolewa na Nachan Uitz wa Xulchen, ndoa iliyopangwa na wazee ili miji isigombane. Mwaka wa kwanza alikosana na mama mkwe kwa ajili ya chumvi, akabeba jiwe lake la kusagia hadi mpakani, akaketi juu ya rundo. Nachan akamfuata.

"Sasa hapo umerudi kwenu, au bado uko kwetu?"

"Mguu huu uko kwetu, huu uko kwenu. Chagua wa kubembeleza."

Nachan alibembeleza yote miwili, na jiwe akalibeba yeye. Walijaliwa watoto wawili, Nauat na Ix Chuen, kabla homa haijamchukua Nachan.

Nauat alisomea ukuhani. Mvua zilipokatika, mtawala mpya wa Xulchen alikitaka kisima chote, lakini hakuna askari aliyethubutu kugusa mawe ya mababu. Basi akaagiza hadithi isimuliwe upya. Kwenye sikukuu, Nauat alisimama akatangaza kwamba aliyetoka kisimani ni ndugu mmoja tu, na kwamba mababu wa Tahkab walikuwa watumwa wake waliotoroka. Marehemu alikuwa ameketi mbele. Waliporudi nyumbani alimwita.

"Mwanangu, hiyo ndiyo hadithi niliyokulea nayo?"

"Mama, nisingesema mimi, angesema mwingine, na mimi ningekuwa maiti."

"Na mjomba wako aliyeko Tahkab je?"

Nauat akarudi hekaluni.

Mawe yakahamishiwa ng'ambo ya kisima. Watu wa Tahkab walikuja kuteka maji kama kawaida yao, wakapigwa. Wakarudi na mikuki, wakashindwa, na mji wao ukateketezwa. Kaka yake, Nacamal, aliyerithi cheo cha baba yao, aliletwa uwanjani amepakwa rangi ya buluu, rangi ya wanaotolewa kafara. Marehemu alipenya katikati ya walinzi na kibuyu cha maji. Kaka yake alikunywa, akasema, "Bado matamu, dada." Kisha akapandishwa ngazi za hekalu. Aliyebeba ubani siku ile alikuwa Nauat.

Tangu hapo marehemu hakuonja tena maji ya kisima kile. Alisema atakunywa ya mvua, na mvua haikunyesha. Aliomba azikwe mpakani. Familia ilikwenda kupatafuta, ikakuta pameanza kujengwa hekalu jipya, wala hakuna tena miji miwili ya kuwekewa mpaka. Alifariki alfajiri ya siku ya Tisa Kimi. Anazikwa leo chini ya sakafu ya nyumba hii, kinywani ana unga wa mahindi na punje ya jiwe la kijani. Nauat aliomba amwoshe mama yake. Marehemu alikuwa amekwisha kukataza.

Ameacha mwana mmoja, Nauat. Binti, Ix Chuen, anayeyasoma haya. Na wajukuu wanne, ambao hekaluni wanafundishwa kwamba ndugu alikuwa mmoja. Kwa upande wa Tahkab, hakuna wa kutajwa.

Apate huko chini amani ambayo sisi wa juu hatukumwachia.